Kwa nini mtu anafuga mbwa wa aina moja maisha yake yote? (Lubumbashi, njooni hapa)

#1 Mwana_Kamalondo
Jambo yenu wote. Swali langu limetoka kwenye ugomvi wa nyumbani. Baba yangu, tangu nipate akili, hafugi mbwa mwingine ila berje, yule wa Kijerumani, masikio wima, mgongo mweusi. Akifa mmoja analetwa mwingine wa aina ileile, na wote wanaitwa Rex. Sisi watoto tukitaka kuwatofautisha tunataja utawala: Rex wa Zaire, Rex wa Mzee Kabila, Rex wa Joseph. Huyu wa mwisho alizeeka sana, amekufa kabla ya Pasaka. Kaka yangu, kwa pesa yake mwenyewe, akamletea mtoto wa Boerboel aliyetoka Afrika Kusini, kitoto kizuri, kifua kipana. Mzee alimzunguka, akasema "huyu ni ng'ombe, mpelekeeni mwenye shamba", akaingia ndani. Hawajasemeshana na kaka mpaka leo.

Mimi naona ni ukaidi wa mazoea. Mbwa ni mbwa, mradi abweke mwizi akiruka ukuta. Nyie wenye mbwa, mna aina yenu ya kudumu? Ilianzaje?

#2 Tantine Fifi
Mwanangu, ungekuwa unafuga mwenyewe badala ya kufugiwa na baba yako, usingeandika "mbwa ni mbwa". Mimi ni mtu wa kanishi. Ndiyo, yule mdogo wa nywele za kujikunja, chekeni mmalize. Nilimkuta kwa marehemu mama mkubwa kule Bel-Air nikiwa bado navaa sare ya shule, na toka wakati huo nyumba yangu haijakosa kanishi. Niliwahi kupewa mbwa mkubwa wa kulinda. Nilimlisha, nikamwogesha, nikampeleka sindano. Alikuwa na adabu, sina la kumlaumu. Moyo haukwenda, basi.

#3 Kasumbalesa_Transit
Kanishi, Lubumbashi hii? Tantine, mwizi akija anabeba televisheni na kanishi juu yake 😂

Mwana_Kamalondo, mwambie kaka yako anipigie, huyo Boerboel nampokea leo. Makaburu walimzalisha mashambani alinde nyumba na mifugo, hakuwa wa kupigwa picha. Mimi nilikulia kwenye berje pia, nikahama, sijawahi kurudi nyuma. Kwa hiyo hiyo habari ya "maisha yote" ni ya watu ambao hawajaona kingine. Ukivuka mpaka kila wiki macho yanafunguka.

#4 Mzee wa Terril
Banangu, acha niseme ile nilionaka mi mwenyewe. Baba yangu alikuwa boi kwa muzungu wa Union Minière, ile kampuni ya shaba ya Babelgiji, mbele ya mwaka 1960. Ku mulango kulikuwa imbwa ya masikio juu. Ile imbwa ilikuwa inajua rangi ya mutu. Muzungu anapita, inalala. Baba yangu, ye njo anaipikia nyama kila siku, akitoka bila tabulie yake, ile aproni ya kazi, inamurukia. Shee batoto ba kamp tulikuwa tunapitia barabara ingine.

Kisha Gécamines, kampuni ya serikali, ikaingia, bakubwa betu bakapewa zile nyumba. Kitu ya kwanza balitafuta ni nini? Imbwa ileile. Baba yako hapendi imbwa, mwana. Anapenda kukaa upande ingine ya mulango.

#5 Mwana_Kamalondo
Muzee wangu, nimekusoma mara mbili. Ila baba yangu hakuwa mkubwa wa Gécamines. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nyumba yetu haijawahi kuwa na mlango wa kuogopwa.

#6 Mzee wa Terril
Mwalimu njo anaupenda ule mulango zaidi.

#7 Petit Ruashi
Mzee amemaliza uzi. Berje ni mbwa wa Wabelgiji, walikuja naye, wakamwacha, sisi tunaendelea kulisha ukoloni bukari, ugali wetu. Fungeni mjadala.

#8 Fakilte_ya_Mifugo
Usifunge kitu, Petit. Niko Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, nasomea mifugo, na hapo umechanganya mbwa wawili.

Berje wa masikio wima na mgongo mweusi ni wa Ujerumani. Mwaka 1899 afisa mmoja wa zamani wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa wa kuchunga kondoo, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akaanzisha chama cha mbwa hao, na Horand akaandikwa wa kwanza kwenye daftari la aina hiyo. Ubelgiji wana mbwa wao wengine wa kuchunga. Mwaka 1891 profesa wa mifugo, Adolphe Reul, aliwakusanya mbwa 117 Cureghem, karibu na Brussels, awachambue kwa nywele na umbo. Mmoja wao ndiye malinwa, kutoka mji wa Malines: rangi ya udongo, uso mweusi, mwembamba kuliko berje.

Kwa hiyo mbwa wa getini anaowasimulia Mzee wa Terril inawezekana walikuwa malinwa, si berje.

#9 Mzee wa Terril
Ilikuwa na meno. Sikuiuliza cheti.

#10 Zamu_wa_Golf
😂😂 Mzee!

Mimi kazi yangu ni zamu, mlinzi wa usiku, kota ya Golf. Nitawaambia kitu ambacho wenye mbwa hawakijui, kwa sababu saa ile wao wamelala. Mwizi hasomi daftari la Ujerumani. Anasoma kivuli. Akiona masikio mawili wima juu ya ukuta anajua ni mbwa wa polisi, anapita lupango, yaani kiwanja, inayofuata. Bosi wangu wa kwanza alikuwa na labrador mkubwa, mweusi, mkali kweli, aliwahi kumng'ata fundi wa maji. Wezi waliruka mara kwa mara kwa sababu masikio yake yamelala. Akaja bosi wa pili na malinwa mwoga, nakuapieni, alikuwa anajificha nyuma yangu radi ikipiga. Hakuna aliyeruka.

Watu hawarudii aina. Wanarudia masikio.

#11 Kasumbalesa_Transit
Boerboel masikio yake yamelala na hakuna mwizi aliyewahi kuniuliza swali. Hoja imeanguka.

#12 Zamu_wa_Golf
Kwako hakuna cha kuiba, kaka. Gari lenyewe la benki.

#13 Mama Nathan
Wanaume wanaongea masikio na madaftari, hakuna hata mmoja aliyetaja sufuria. Anayejua kwa nini nyumba inarudia mbwa uleule ni anayepika. Mume wangu ni mtu wa rotwaila, na mimi nikamkubalia, kwa sababu najua anakula kiasi gani: bunga kiasi hiki, vichwa vya samaki wa tomsoni kiasi hiki, mifupa ya Jumapili. Najua akikataa chakula ni tumbo au ni dharau. Zambia wakizuia mahindi na bunga ikipanda, najua nimpunguzie nini bila kumkondesha. Ukiniletea aina nyingine naanza darasa la kwanza. Hiyo mnayoiita mapenzi ya aina, nusu yake ni mwanamke aliyekataa kujifunza upya.

#14 Tantine Fifi
Mama Nathan, mkono wako uko wapi niubusu.

#15 Dokta_Likasi
Niongeze kwenye #13, maana huko kwenye sufuria ndiko ukweli unakopita. Mimi ni daktari wa wanyama, natibu Likasi na Lubumbashi.

Berje ana matatizo yake. Nyonga: mfupa wa paja haukai vizuri kwenye kikombe chake, mbwa akikua anaanza kuvuta miguu ya nyuma. Inarithiwa, kwa hiyo ukinunua mtoto mwangalie mama yake anavyotembea, na baba kama yupo. La pili ni kupe wa kahawia. Anabeba kijidudu kinaitwa Ehrlichia: homa, mbwa anakonda, anatoka damu puani. Mbwa yeyote anaupata, lakini berje unamwangusha vibaya zaidi. Jeshi la Marekani lilipoteza mbwa wake wengi kwa ugonjwa huu wakati wa vita vya Vietnam, na wengi wao walikuwa berje.

Sasa linalonishangaza. Mtu anamzika berje wake kwa ugonjwa wa kupe, analia mbele yangu, na baada ya muda anaingia na mwingine wa aina ileile. Nikimuuliza, ananijibu: "Dokta, huyu ugonjwa wake naujua." Anajua dalili, anajua bei ya dawa, anajua mlango wangu. Mbwa mwingine ana magonjwa asiyoyajua. Hapo sijui niite upendo au woga.

#16 Himbi_Goma
Goma tunawasalimu. Mnasema "maisha yote", huku kwetu maisha yenyewe yanakatwa katikati. Jirani yangu alikuwa wa rotwaila tupu, wa kienyeji alikuwa hamtazami. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipopasuka, watu tukakimbia, wengine Sake, wengine Gisenyi. Aliporudi, rotwaila hakuonekana, na hajaonekana mpaka leo. Mlangoni alikuta mbwa mmoja wa kienyeji wa rangi ya mchanga, aliyekuwa analala nje ya uzio na kupigwa mawe na watoto. Sasa ana watatu wa kienyeji na ukimtajia rotwaila anageuza uso.

Na kwa Mwana_Kamalondo anayesema mbwa ni mbwa: nenda Virunga. Hifadhi ina bloodhound wa kufuata harufu ya majangili tangu mwaka 2011. Peleka kanishi ukaone.

#17 Tantine Fifi
Kanishi amekukosea nini? Alianza kama mbwa wa uwindaji wa majini, wa kuleta bata. Ule unyoaji wa nywele mnaoucheka ulikuwa wa kazi, aogelee bila kulemewa na asipate baridi kifuani.

#18 Kasumbalesa_Transit
Himbi_Goma, pole kwa yaliyotokea. Ila hapo hakuna hoja ya aina. Rotwaila huenda alikimbia na watu, akapotea. Wa kienyeji alibaki kwa sababu hakuna aliyemwita.

#19 Himbi_Goma
Ndiyo. Na hilo jirani yangu analijua. Ndiyo maana hafugi tena rotwaila.

#20 Binti_Kariakoo
Habari zenu wa Kongo, nawasoma kutoka Dar. Hapa kufuga berje ni kumwonea mnyama, joto hili na manyoya yale. Kila mwenye nyumba ya ghorofa anaye, amelala chini ya feni, ulimi nje. Ukimuuliza mwenyewe anasema "kwetu tumezoea hawa". Nani kawazoesha?

#21 Mwana_Kamalondo
Dada, sisi tuko juu ya mita elfu moja na mia mbili. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi unavaa koti, Rex anafurahi kuliko wewe. Hiyo ni sababu ya kwanza ya maana niliyoipata humu, na nimeitoa mwenyewe 😅

#22 Fakilte_ya_Mifugo
Naomba niwaharibie wote. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Wamarekani: wenye mbwa zaidi ya 18,000 walijaza maswali kuhusu tabia za mbwa wao, na mbwa kama 2,000 wakapimwa vinasaba. Aina ya mbwa ilieleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Tisa. Yaani ukimchukua Rex na Boerboel, sehemu kubwa ya tabia zao haitoki kwenye aina. Mzee anamkataa mbwa ambaye hamjui kwa sababu ya umbo. Mwana_Kamalondo alikuwa sahihi tangu #1.

#23 Tantine Fifi
Nani alijaza hayo maswali? Wenye mbwa. Na wewe unaamini mwenye mbwa akiandika mbwa wake ana tabia gani? Mimi kanishi wangu ningemwandika profesa.

#24 Dokta_Likasi
Fakilte, soma mpaka mwisho. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba katika tabia zote walizopima, ile ya kusikiliza amri ndiyo iliyotofautiana zaidi kati ya aina na aina. Ukali wa kushtuka haraka ndio ambao aina iliueleza kidogo kabisa. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi aliyemzoea mbwa anayetii anaposema "kaa", ana haki ya kutafuta anayetii. Wa kukosolewa ni mwenye kununua "aina kali".

#25 Fakilte_ya_Mifugo
Hilo nilitaka kuliandika kwenye posti inayofuata.

#26 Petit Ruashi
Haya, posti inayofuata ndiyo hii 😂

#27 Katuba_ya_Zamani
Mnazunguka sana. Nani kati yenu alichagua? Mwaka 1991, uporaji ulipofika Lubumbashi na wageni wakaondolewa haraka, mbwa walibaki. Mjomba wangu alikuwa zamu kwenye nyumba moja ya mjini. Mzungu alimwachia funguo, mfuko wa chakula cha mbwa na berje jike mwenye mimba. Nyumba iliporwa mpaka vigae, mjomba akarudi Katuba kwa miguu na mbwa wake. Alizaa kwetu. Watoto wakagawiwa mtaa mzima, na hao wakazaa na mbwa wa mtaa, na mpaka leo ukipita avenyu yetu utaona masikio wima kwenye mwili wa kienyeji, au mgongo mweusi kwenye miguu mifupi.

Kila nyumba inasema "sisi ni watu wa berje". Ni watu wa mbwa mmoja. Angekuwa dalmatia, mtaa mzima ungekuwa na madoa.

#28 Zamu_wa_Golf
Hii nimeipenda. Na mjomba alilipwa mwezi ule?

#29 Katuba_ya_Zamani
Alilipwa mbwa.

#30 Mzee wa Terril
Sawa vile. Minajua nyumba zaidi ya moja ilianza hivyo.

#31 Mwana_Kamalondo
Kwetu Rex wa Zaire alikuwepo mbele ya uporaji, alikufa mwaka uleule Mzee Kabila aliingia, 1997. Lakini aliyemfuata sijui alitoka wapi. Nitamuuliza mzee, akishatulia.

#32 Binti_Kariakoo
Naona kila mtu anazungumzia mbwa wa kigeni. Mbwa wenu wenyewe je? Hakuna mtu mwaminifu kwa mbwa wa kienyeji zaidi ya huyo jirani wa Goma? Au wetu hawana hata jina?

#33 Fakilte_ya_Mifugo
Wana jina, na ni maarufu kuliko sisi. Basenji ni mbwa wa Kongo. Waingereza walimwonyesha kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1895, hao wa kwanza wakafa kwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Wakajaribu tena, na mwaka 1937 basenji wa Bi Olivia Burn wakaonyeshwa Crufts, watu wakapanga foleni kumwona mbwa asiyebweka. Ana sauti, ila anaitoa kwa namna ya kuimba, na jike kwa kawaida anaingia joto mara moja tu kwa mwaka. Huku nyumbani wawindaji wanamfunga kengele ya mti shingoni, ajulikane alipo ndani ya majani marefu.

Sasa sikiliza hii. Basenji wa Marekani walitokana na mbwa wachache, ugonjwa wa figo wa kurithi ukaenea. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wao walisafiri mpaka kaskazini ya Zaire, vijijini, kutafuta damu mpya. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikafungua daftari lake kuwapokea hao mbwa wa kijijini. Hiyo ndiyo ninayoiita mapenzi ya aina: kupanda ndege mpaka Uele, huko kaskazini, kumtafuta mbwa ambaye sisi hapa tunamtupia jiwe.

#34 Kasumbalesa_Transit
Mbwa asiyebweka. Zamu, utamkubali?

#35 Zamu_wa_Golf
Abweke nani sasa? Mimi? 😂 Hapana, asante.

#36 Mama Nathan
Na huyo basenji naye, akija kwangu, atakula bukari ya nani?

#37 Petit Ruashi
Nimewaza. Hii ni kama Mazembe na Lupopo, timu zetu za mpira. Umezaliwa nyumba ya Mazembe, umevalishwa nyeusi na nyeupe kabla hujatembea, utafanya nini? Hata timu ikicheza vibaya huendi Lupopo. Baba wa Mwana_Kamalondo ni mtu wa Kamalondo, kwisha.

#38 Kasumbalesa_Transit
Mazembe haifi kila baada ya miaka kumi ukainunua tena ikiwa mtoto. Mbwa anakufa. Kila akifa unaulizwa upya, na kila mara unajibu vilevile. Hapo ndipo swali lilipo.

#39 Tantine Fifi
Transit, kwa mara ya kwanza umesema neno. Watu wanafikiri unarudia aina ili umsahau aliyekufa. Kwangu ni kinyume. Kanishi wa sasa akiinamisha kichwa upande nikimwita, namwona yule wa mama mkubwa, namwona na wa katikati niliyemzika chini ya mwembe. Mbwa wa aina nyingine asingeinamisha hivyo. Angekuwa mzuri kwa namna yake, na mimi ningekuwa nimempoteza yule mara ya pili.

#40 Mwana_Kamalondo
Tantine, baba anapiga mluzi uleule kwa kila Rex.

#41 Fakilte_ya_Mifugo
Mbwa wa kila aina wanainamisha kichwa, Tantine.

#42 Tantine Fifi
Nenda kasome mtihani.

#43 Dokta_Likasi
Mfano wa ukoo mmoja wa mbwa: Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka 1944, alipotimiza miaka 18, alipewa corgi anaitwa Susan. Alifuga corgi zaidi ya thelathini, na karibu wote walikuwa uzao wa Susan. Alipofariki 2022 bado alikuwa na wawili, ingawa wa mwisho hawakuwa tena wa ule ukoo. Katuba_ya_Zamani, mjomba wako na Malkia walikuwa na sera moja.

#44 Katuba_ya_Zamani
Tofauti ni nani alilipa sindano.

#45 Kasumbalesa_Transit
Malkia hakuwa na shida ya kubadilisha. Nchi za watu wenye uchaguzi wanabadilisha sana. Marekani labrador aliongoza miaka 31 mfululizo kwa kuandikishwa, kisha kwenye orodha ya 2022 akapitwa na buldogi wa Kifaransa, yule anayekoroma. Kama watu wangekuwa waaminifu namna hiyo, labrador angepitwa vipi?

#46 Fakilte_ya_Mifugo
Wanaopandisha buldogi ni wanunuzi wapya, vijana wa vyumba vidogo vya mjini. Mzee wa labrador bado ana labrador wake. Orodha inahesabu watoto wa mbwa walioandikishwa, haihesabu mioyo.

#47 Petit Ruashi
Samahani natoka nje ya mada. Jana jioni berje wa jirani, bado mdogo, aliniuma kwenye kiganja nikicheza naye. Kidonda kidogo tu. Nimepaka mafuta ya breki, fundi mmoja kasema yanakausha. Sina haja ya kwenda popote, si ndiyo?

#48 Dokta_Likasi
Unayo haja. Sasa hivi, acha simu. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, hata kama ni jana. Usifunge, usiweke mafuta ya aina yoyote. Kisha nenda hospitali uwaambie umeumwa na mbwa, wakuanzishie chanjo ya kichaa cha mbwa. Udogo wa kidonda hauna maana, na udogo wa mbwa pia. Karibu wagonjwa wote wa kichaa huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Mbwa mwenyewe asiuawe. Afungwe, aangaliwe siku kumi. Ana chanjo?

#49 Petit Ruashi
Jirani anasema berje hawapati kichaa, ni mbwa wa kienyeji tu.

#50 Dokta_Likasi
Mwambie jirani yako kirusi hakisomi daftari la Stephanitz. Nenda.

#51 Mama Nathan
Petit, umekwenda? Jibu.

#52 Petit Ruashi
Niko hospitali mama, nimechomwa ya kwanza, nimepewa tarehe za kurudi. Mkono unauma kuliko alivyoniuma mbwa. Mzee wa Terril, sasa na mimi nitapitia barabara ingine.

#53 Mzee wa Terril
Ee. Njo vile inaanzaka, mwana.

#54 Zamu_wa_Golf
Dokta, umenitisha. Mimi nalala na malinwa wa bosi getini kila usiku, ananilamba, wakati mwingine ananigusa na meno tukicheza. Na mimi natakiwa sindano hata kama sijaumwa?

#55 Dokta_Likasi
Ipo ya kujikinga mapema, kwa watu wanaoshughulika na mbwa kazini. Si lazima kwa kila zamu, lakini kuomba si kosa. La kwanza hakikisha malinwa ana chanjo kila mwaka. Mwambie bosi akuonyeshe kitabu chake.

#56 Zamu_wa_Golf
Nimemuuliza asubuhi hii. Kitabu kipo, kina picha ya mbwa, mihuri yote, chanjo zote hadi mwakani. Nikauliza na yangu. Kasema tutaona mwisho wa mwezi.

#57 Katuba_ya_Zamani
Mwezi gani?